Nyimbo Nne za Jinal Mulji

Ukiuliza Iringa mjini Jinal Mulji anapiga muziki gani, jiandae kusikiliza ubishi. Dereva wa lori atakwambia yule dada ni wa singeli, ana wimbo wa msumeno unaomtoa mtu usingizini akiwa kwenye usukani. Mama wa kwaya atakataa: huyo ni wa nyimbo za Mungu, na wimbo wake wa mvua uliwaliza watu kanisani. Mwanafunzi wa chuo ataapa kwamba ni wa Bongo Fleva. Na wapo wazee wasiomjua kwa muziki wowote. Wao wanamjua kama mjukuu wa yule bibi wa Kihindi wa duka la vitambaa, anayeongea Kihehe kuwashinda wajukuu wao wenyewe.

Wote wanasema kweli, na ukweli huo ndio uliomgombanisha Jinal na watu wa redio.

Alizaliwa na kukulia juu ya duka, mtaa wa Miyomboni. Chini kulikuwa na majora ya vitambaa, vifungo, nyuzi na zipu. Kibarazani walikaa mafundi cherehani. Juu ndiyo ilikuwa nyumba. Nyumbani waliongea Kigujarati, dukani Kiswahili, na bibi yake, ambaye mji mzima ulimwita Ba, aliongea Kihehe na wanawake waliotoka vijijini kununua vitambaa vya sare za harusi. Wanawake wale hawakuwa na haraka. Walikaa kwenye benchi la dukani, wakapumzisha miguu, na wakichangamka waliimba. Ba alizijua nyimbo zao tangu usichana wake, maana na yeye alizaliwa hapohapo mjini. Akikunja vitambaa jioni aliziimba huku akizichanganya na garba, zile nyimbo ambazo wanawake wa Kihindu huziimba wakizunguka na kupiga makofi wakati wa sikukuu yao ya Navaratri. Jinal alipokuwa mdogo hakujua kwamba hizo ni nyimbo za watu wa aina mbili. Alidhani tu ni nyimbo za Ba.

Baba yake, Amit, alikuwa mtu wa duka toka unyayoni mpaka utosini. Alimnunulia binti yake kompyuta ili ajifunze hesabu za biashara. Jinal alijifunza, tena vizuri, halafu akaweka humo programu ya kutengenezea muziki. Kwa simu yake alirekodi cherehani za kibarazani. Cherehani ya mguu ina mwendo wake: inaanza polepole, inakimbia pindo likinyooka, inasimama ghafla uzi ukikatika. Alizikata zile sauti vipandevipande, akazipanga upya, akazitilia besi. Fundi mmoja alipousikia wimbo alitikisa kichwa kwa raha, kisha akakunja uso.

"Mbona uzi wangu unakatika mara nyingi hivi? Unaniharibia jina kwa wateja."

Huo ulikuwa wa kujaribu tu. Wimbo wake wa kwanza wa kweli aliukuta Mafinga. Baba yake alikuwa anataka mbao za rafu mpya, akamtuma akazichague. Kwenye kiwanda cha kupasua mbao, katikati ya harufu ya misonobari mibichi na vumbi la mbao lililowashika watu mpaka kwenye nyusi, Jinal alisahau rafu. Alisimama akisikiliza msumeno mkubwa. Ulikuwa unaimba sauti moja ndefu, lakini ukikuta fundo kwenye gogo ulipanda juu, ukapiga kelele, ukashuka tena.

"Kaka, unaweza kunitafutia gogo lenye mafundo mengi?" alimuuliza msimamizi, mtu aliyeitwa Silvester.

Silvester alimwangalia kama mtu asiyesikia sawasawa. "Wateja wote wanakuja hapa wanakimbia mafundo. Wewe unayataka?"

"Mbao sizitaki. Nataka kelele yake."

Vijana wa kiwandani walicheka mpaka wakashikana mabega, lakini wakamtafutia gogo bovu kuliko yote, wakalipitisha huku yeye amenyoosha simu mbele. Kutokana na kelele ile alitengeneza wimbo wa kasi ya singeli, akauita "Fundo". Madereva wa malori ya mbao waliuchukua wakaupeleka kila walikokwenda. Baba yake aliusikia mara moja akasema ule si wimbo, ni ajali.

Wimbo wa pili aliupata kwa Juliana. Juliana walisoma naye sekondari, wakakaa dawati moja, na mama yake Juliana alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama huko Ipogolo, nje kidogo ya mji. Jinal alikwenda kurekodi mazoezi yao ukumbini, na wakati wameanza tu, mvua ikamwagika juu ya bati. Akina mama wakataka kusimama. Jinal akawaonyesha kwa mkono waendelee. Waliimba wakipandisha sauti kuishinda mvua, na mvua nayo ikawajibu. Alipofika nyumbani hakuiondoa. Aliiweka mbele kabisa, sauti za akina mama zikatokea ndani yake kama watu wanaokuja kutoka mbali, na chini akaweka biti nzito ya taratibu. Mzee mmoja wa usharika alilalamika kwamba muziki wa disko umeingia nyumba ya Bwana. Mama yake Juliana alimjibu kwamba mvua ile aliileta Bwana mwenyewe.

Kisha Jinal akapata kazi kwenye duka la simu Mbeya, akapanga chumba mtaa wa Soweto. Baba yake alimruhusu kwa moyo mweupe, akiamini kwamba kazi itamsahaulisha zile kelele. Badala yake huko, akiwa peke yake kwenye kile kibaridi, alitunga wimbo wa tatu, laini, wa mtu anayemngoja mwenzake na chai inapoa. Aliuimba mwenyewe, kwa sauti ndogo aliyoionea aibu siku zote. Na wa nne ulikuwa wa Ba: makofi ya garba, wimbo wa Kihehe wa kumsindikiza bibi harusi, sauti ya Ba iliyokwaruza, na kinanda cha kompyuta kikimfuata nyuma kama mtoto.

Nyimbo nne, na hakuna hata mmoja uliofanana na mwenzake. Jinal aliona hiyo ndiyo raha yake.

Redio Ukungu ya Mbeya ilikuwa na mashindano yake ya muziki ya kila mwaka, kwa wasanii wa Nyanda za Juu Kusini. Jinal akapeleka nyimbo zake mwenyewe kwa mkono. Mkuu wa vipindi, Philbert, alikuwa mtu wa maneno matamu na shati lililopigwa pasi likasimama. Alivaa spika za masikioni, akasikiliza zote, na Jinal aliona jinsi mguu wake ulivyokuwa ukigonga sakafu.

"Dada, una kipaji," alisema akizivua. "Sasa nikuweke wapi?"

"Popote."

"Hakuna popote. Tuna vipengele vinne: Bongo Fleva, Injili, Singeli na Muziki wa Asili. Hizi nyimbo zako ni kama za watu wanne tofauti. Msikilizaji anataka akisikia kidogo tu ajue, aa, huyu ni fulani."

"Atanizoea."

Philbert alicheka, akasogeza kiti karibu. "Nikushauri kama dada yangu. Nyie Wahindi mna nyimbo zenu tamu za harusi. Vaa sari yako, tuweke na biti kidogo, tukuite DJ Sari. Hapo huna mpinzani Mbeya nzima."

"Sari hata kuifunga sijui. Bibi yangu ndiye hunibana kwa pini."

"Basi chagua kipengele kimoja. Ila kwenye asili usijisumbue. Asili ni ya wenyeji."

"Wenyeji akina nani?"

"Dada, unanielewa."

"Sijakuelewa. Niambie."

Philbert akaangalia saa yake, akasema ana kikao.

Jinal alitoka pale masikio yanamuwaka. Alipanda mpaka Soweto kwa miguu ili hasira ipate mahali pa kwenda, nayo haikwenda. Alimpigia simu Juliana, akamweleza neno kwa neno.

"Achana nao," Juliana alisema. "Redio zipo nyingi."

"Nikiachana nao, wa redio ya pili ataniambia hayohayo. Kasema nyimbo zangu ni za watu wanne. Sawa. Mwakani nitampelekea watu wanne."

Na ndivyo alivyofanya. Mwaka uliofuata nyimbo zilipokelewa kwa mtandao. "Fundo" ukaenda kwenye Singeli kwa jina la Mama Msumeno. Wimbo wa mvua ukaenda kwenye Injili kwa jina la Kwaya ya Akina Mama wa Ipogolo, nao walikubali kwa kauli moja baada ya kusimuliwa kisa chote. Wimbo wa chai ukaenda kwenye Bongo Fleva kwa jina la Jey wa Soweto. Na kwenye Muziki wa Asili, kule alikokatazwa asijisumbue, ukaenda wimbo wa nne kwa jina la Ba na Mjukuu. Majaji walisikiliza nyimbo bila kuona sura ya mtu. Majina yalipotangazwa redioni, Jinal alikuwa dukani anambadilishia mteja kioo cha simu. Yote manne yalikuwa yameingia fainali. Aliikaza skrubu ileile mara tatu, mpaka mteja akamuuliza kama anaumwa.

Fainali ilifanyika Jumamosi mchana, kwenye ukumbi uliojaa mpaka watu wakakaa madirishani, na redio ikirusha kila kitu moja kwa moja. Akina mama wa kwaya, na Juliana pamoja nao, walifika kwa kosta waliyoikodi kutoka Iringa, na kwenye kiti cha mbele, na shali begani, alikuwemo Ba. Alikuwa amemuaga Amit kwamba anakwenda Ipogolo kumsalimia mama yake Juliana. Hakusema kwamba kutoka Ipogolo anaendelea na safari.

Walianza na Singeli. Mshereheshaji aliita, "Mama Msumeno!" Jinal akapanda jukwaani na kompyuta yake, amevaa suruali ya jinzi na koti la kitenge. Ukumbi ukanong'ona. Kisha msumeno wa Mafinga ukakuta fundo lake la kwanza, na vijana wakaruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Hakuna aliyenong'ona tena.

Ikaja zamu ya Injili. Akina mama wakapanda na sare zao za kijani, na nyuma yao, palepale alipokuwa, alikuwapo Jinal. "Huyu si yule yule?" mshereheshaji alisema kwenye maiki, akacheka, akadhani ni mpiga kinanda wa kukodi. Mvua ya Ipogolo ikanyesha ukumbi mzima. Watu waliokuwa wakiruka muda mfupi tu uliopita sasa waliyumba taratibu.

"Na sasa Bongo Fleva! Jey wa Soweto, uko wapi?"

"Niko hapa," Jinal alisema. Hakuwa ameshuka.

Kelele iliyolipuka ilikuwa nusu kicheko na nusu shangwe. Philbert alitoka pembeni kwa hatua ndefu, akafunika maiki kwa kiganja.

"Umetudanganya."

"Nimedanganya nini? Mlitaka nyimbo, nyimbo hizo. Majina ya kisanii kila mtu humu analo. Na wewe mwenyewe uliniambia hizi ni za watu tofauti."

Philbert alimkumbuka, na uso wake ukabadilika. Jaji mmoja alikuja, wakateta. Redio ilikuwa hewani na ukimya ulikuwa unarefuka.

"Sikia," Philbert alisema kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa vipengele. "Chagua mmoja. Nikwambie ukweli, Singeli umeshaibeba, majaji wote wamekupa. Waambie watu hizi nyingine ulikuwa unafanya utani, tuzifute, tuendelee vizuri."

Hapo moyo wa Jinal ulitingishika, wala haifai kuficha. Ushindi ulikuwa mbele yake, kiasi cha kunyoosha mkono tu. Aliwatazama vijana waliokuwa wakiita "Msumeno! Msumeno!" Kisha akamtazama Juliana na akina mama waliokuwa bado wamesimama, hawajui kama wamefukuzwa au la. Utani. Akisema neno lile, wao watakuwa utani, na yule bibi mwenye shali pale mbele atakuwa utani.

Alimtoa Philbert mkono kwenye maiki.

"Nimeambiwa ule wa msumeno umeshinda, ila nichague huo tu na hizi nyingine niziite utani," alisema, na sauti yake ndogo ikasikika mpaka Iringa. "Siwezi. Hawa mama wametoka Ipogolo asubuhi ya baridi, hawakuja kufanya utani. Bibi yangu yule pale kazaliwa Iringa. Majivu ya mama yake yalimwagwa mto Ruaha. Mwaka jana niliambiwa nisiguse asili, ni ya wenyeji. Basi mnionyeshe ninakotakiwa kwenda kuitafuta ya kwangu. Nyimbo ni zangu zote. Mzichukue zote nne au mfute zote nne."

"Rudini kwenu!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Juliana hakungoja maiki. "Kwao Miyomboni! Ukifika uliza duka la Mulji, mtoto mdogo atakupeleka!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Philbert akafuta jasho, akatangaza kwamba kwa kuvunja taratibu za mashindano nyimbo zote nne zimeondolewa. Wengine wakapiga makofi, wengine wakazomea. Jinal alichomoa nyaya zake mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akashuka kwa ngazi ya mbele, machoni pa kila mtu.

Nje, pembeni ya kosta, machozi yalimshinda. Juliana alimshika. Ba alisimama akiwa ameshikilia shali, amekasirika, lakini si kwa sababu waliyoidhania.

"Mimi sijaimba," alisema. "Nimesafirishwa safari yote hii, mgongo umekufa, na sijaimba."

Akina mama wakatazamana. Dereva wa kosta, aliyekuwa amekaa mlangoni anakula muhogo wa kuchoma, alisema redio ya gari yake ina spika nzuri na ina tundu la waya wa simu. Basi Jinal akajifuta uso kwa mkono wa koti, akachomeka waya. Makofi ya garba yakatoka kwenye milango ya kosta, na Ba akaimba wimbo wa kumsindikiza bibi harusi wa Kihehe katikati ya kiwanja cha magari. Akina mama waliujua. Wakamwitikia, wakazunguka kama alivyowaonyesha, mkono juu, mkono chini. Watu wakaanza kutoka ukumbini, kwanza wavuta sigara, kisha walinzi, kisha wengi. Ba alikosea ubeti mmoja, akawasimamisha wote, akaanza upya.

Simu ya Amit iliingia wakati wanamaliza. Dukani redio ilikuwa imewashwa tangu mchana, na mafundi kibarazani walikuwa wamesimamisha cherehani wasikose neno.

"Ba yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko hapa."

"Hapo wapi? Mbeya? Amevaa sweta?"

"Amevaa shali, baba."

Amit alipunguza sauti ya redio. "Wamekufutia zote?"

"Zote."

"Na ule wa msumeno, ndio walisema umeshinda?"

"Ndiyo."

"Wajinga," alisema Amit. "Ule ndio mbaya kuliko zote."

Hakupata tuzo, na tuzo walipewa wengine waliostahili vilevile. Wiki hiyohiyo Jinal aliziweka nyimbo zake mtandaoni kwa jina lake kamili, alilopewa na wazazi wake, zote mahali pamoja, na pembeni akaongeza ule wa cherehani. Wapo waliomtukana, wengine kwa maneno ambayo Juliana alimkataza asiyasome. Wapo waliosikiliza mmoja wakazikimbia nyingine. Lakini harusi zilianza kumwita, za Wahehe na za Wahindi, na mara moja mazishi ya dereva wa lori kule Mafinga, ambako familia iliomba ule wa msumeno upigwe wakati jeneza linatoka, nao ukapigwa. Kazi ya duka la simu hajaiacha. Kodi ya chumba haingoji sanaa.

Mwaka jana Philbert alimpigia. Alikuwa na furaha ya kweli. Redio Ukungu, alisema, imeanzisha kipengele cha tano, Mchanganyiko, na kila mtu ofisini anajua ni kwa ajili ya nani.

"Asante, kaka Philbert," Jinal alimwambia. "Lakini mimi sijachanganya kitu. Mmenijengea chumba cha uani ili nisiingie sebuleni."

"Kwa hiyo hushiriki?"

"Nitashiriki siku mtakaponiita kwenye vile vinne. Na siku hiyo nitaleta wa tano, tuone mtauweka wapi."

Huo wa tano ameshauanza. Amesema utakuwa wa polepole, usio na ngoma kabisa, na ndani yake anataka mkasi mkubwa wa duka ukikata kitambaa. Wiki iliyopita alikwenda Iringa, akamwekea baba yake maiki juu ya meza ya kukatia. Amit alilalamika kwamba kitambaa kinaharibika, kwamba wateja wanamcheka, kwamba mkasi ni mkasi tu. Kisha akanyoosha kaniki, akakata kipande kirefu kwa mkono wa mtu aliyekata maisha yake yote, akauliza kama imetosha.

"Bado, baba," Jinal alisema. "Kata tena."